Kona ya Gemu: Ngome Mbili za Alucard

Barua nyingi za safari hii zinaulizia gemu moja, Castlevania: Symphony of the Night, iliyotolewa na Konami mwaka 1997 kwa PlayStation ya kwanza. Tumeziweka pamoja. Kwa asiyeijua: unamchezesha Alucard, mwana wa Dracula, ndani ya ngome moja kubwa inayotazamwa kwa ubavu. Unaruka na kukata upanga kama gemu yoyote ya kurukaruka, ila kila adui anayeanguka anakuongezea uzoefu, unapanda levo, na unachookota unaweza kukivaa.

Wakuu, nimemuua Richter, yule mwindaji wa vampaya, kule juu kwenye kiti cha enzi, yakapita majina ya watengenezaji, gemu ikaisha. Jirani yangu anasema nimecheza nusu tu. Nani mkweli?
*Msomaji, Tanga*

Jirani yako. Huo ulioupata ni mwisho wa uongo, na sevu yako ya kabla ya pambano bado ipo, kwa hiyo hujapoteza kitu. Richter anaendeshwa na mtu mwingine, na huwezi kuliona tufe analotumia bila miwani iitwayo Holy Glasses. Njia ya kuipata ni hii.

Kwanza tafuta vazi la Spike Breaker kwenye Catacombs. Limewekwa mwisho wa ujia wenye giza totoro uliojaa miiba. Usiingie kwa miguu. Geuka popo, na uwe umeshapata Echo of Bat, maana mwangwi wake ndio unaoonyesha miiba ilipo. Piga mwangwi, sogea kidogo, piga tena. Ukishalivaa, miiba inavunjika ukiigusa, na sasa unaweza kurudi Royal Chapel, ukapita wavu kwa umbo la ukungu, ukavunja miiba ya mbele na kuchukua Silver Ring. Gold Ring iko Underground Caverns, kwenye chumba kinachojifanya cha kusevu. Ukiingia unalala, unaota mama yako, kisha unapigana na Succubus.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Maelezo ya pete hizo mbili, yakisomwa pamoja, yanakutaka uzivae kwenye mnara wa saa, na watu wanapanda Clock Tower wakazunguka mpaka wakate tamaa. Chumba chenyewe ni kile cha saa kubwa katikati ya Marble Gallery. Simama pale ukiwa umevaa pete zote mbili, sakafu itafunguka, utamkuta Maria, msichana anayemtafuta Richter, chini na miwani.

Vaa miwani kichwani (kuibeba tu mfukoni hakusaidii), panda kwa Richter, na utaona tufe la kijani likielea karibu naye. Piga tufe peke yake. Ukiwa na silaha inayokata eneo pana utamuua Richter kwa bahati mbaya na kurudi kulekule kwenye mwisho wa uongo, kwa hiyo badili, chukua upanga mfupi. Tufe likipasuka, mbingu inafunguka na ngome ya pili inatokea, kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana ramani ya gemu hii inafika asilimia 200.6.

Tukisema ukweli, huku ni kuficha kupita kiasi. Nusu nzima ya gemu imekaa nyuma ya pete mbili na maelezo yanayopotosha, na hakuna mhusika anayekunong'oneza kwamba umekosea.

Je, nikae sehemu moja nikiua maadui mpaka levo zipande? Nimeporwa vitu vyote mwanzoni na napigwa vibaya.
*Msomaji, Nakuru*

Hapana. Aliyekupora ni Death, mtumishi wa Dracula, na kila mchezaji hupitia hapo, makusudi. Kukaa sehemu moja hakulipi kwa sababu uzoefu unaopewa unategemea tofauti ya levo yako na ya adui. Ukimpita adui levo, malipo yake yanaporomoka haraka, mpaka mifupa iliyokuwa ikikupa uzoefu wa maana inakupa 1. Gemu inakufukuza usonge mbele, na huo ni ubunifu mzuri.

Kinachokuokoa mapema ni mavazi. Kinga ya ngao, vazi, kofia na joho hutolewa kwenye nguvu ya pigo la adui, kinachobaki ndicho kinachokula damu yako. Fungua menyu kila unapookota kitu, usisubiri. Na ukifika Long Library ukiwa na dhahabu 500, nunua Jewel of Open kwa mzee mkutubi kabla ya kitu kingine chochote, maana ndiyo inayofungua milango ya buluu.

Ukitaka kuanza na nguvu zaidi, anza upya. Ule utangulizi wa Richter dhidi ya Dracula unapimwa, na namna ulivyopigana, damu uliyobakiza na ulichotumia, inaamua Alucard anaanza na nini.

Dawa nazitumiaje katikati ya pambano? Nikifungua menyu na kubonyeza haitumiki.
*Msomaji, Mombasa*

Haitumiki kwa sababu gemu hii inahesabu dawa kama silaha. Fungua menyu, weka Potion kwenye mkono mmoja badala ya ngao, toka, bonyeza kitufe cha mkono huo, halafu rudi menyu urudishe ngao. Chakula ni balaa zaidi: Alucard anakitupa chini, na lazima ukikanyage ndipo kiingie. Mbele ya bosi anayekurukia, mkate unaanguka upande wake, nawe unasimama unautazama. Huu ndio udhaifu mbaya kuliko wote kwenye mfumo wa mikono miwili, ambao kwa mengine ni mzuri sana. Kula kabla ya mlango wa bosi, au rudi chumba cha kusevu, kinakujaza damu bure.

Ngome ya pili imekuwa laini mno. Bosi anakufa sekunde chache. Ni mimi nimekuwa fundi au gemu imelegea?
*Msomaji, Bujumbura*

Ufundi upo, lakini gemu imelegea. Ile hesabu ya kinga tuliyoieleza juu ndiyo chanzo. Kufikia ngome ya pili kinga yako imezidi mapigo ya maadui wengi, na unaona namba 1 tu ikiruka kichwani kwako. Halafu zipo silaha zinazovunja mizani kabisa. Crissaegrim, inayodondoshwa mara chache na adui aitwaye Schmoo wa Forbidden Library, inakata mara nne kwa bonyezo moja na haikuzuii kutembea. Shield Rod ukiibonyeza pamoja na Alucard Shield, ngao inawaka, na kila inapomgusa adui inamchoma vikali huku ikikurudishia damu. Galamoth, jitu la Floating Catacombs lenye uhai kuliko bosi yeyote, anayeyuka akigusana nayo kabla hujamaliza kushangaa.

Lawama yetu kubwa iko kwingine. Vyumba vya ngome ya pili ni vilevile vilivyopinduliwa. Dari imekuwa sakafu, na dari haikuchongwa ili mtu aikanyage, basi ngazi zinaishia hewani na vidaraja havifikiani. Unachofanya ni kupaa kama popo au kujirusha kwa Gravity Boots (chini, juu, kisha kitufe cha kuruka). Kuruka kwa mahesabu, kitu kilichoifanya ngome ya kwanza iwe tamu, kunakufa palepale. Muziki wa Michiru Yamane nao haufuati: ngome ya kwanza karibu kila eneo lina wimbo wake, ya pili inarudia nyimbo chache.

Ukitaka ugumu, ziache silaha hizo tatu sandukuni na uvue vazi zito. Kazi yako ya lazima kule ni vipande vitano vya Vlad, yaani Dracula: moyo kwa Medusa wa Anti-Chapel, jino Reverse Outer Wall, ubavu Death Wing's Lair, pete Reverse Clock Tower, na jicho kwa Death mwenyewe ndani ya Cave. Hapo ndipo njia ya kwenda kwa Dracula inafunguka. Ukimaliza na kusevu, anza gemu mpya kwa jina RICHTER. Huyo hapandi levo na havai kitu, ana mjeledi na silaha ndogo zinazokula mioyo tu, na utaona jinsi vyumba vilevile vinavyouma ukinyang'anywa levo na mavazi.

Nina simu tu. Inafaa?
*Msomaji, Muscat*

Inafaa. Ilitoka kwa Android na iOS mwaka 2020, ikiwa imetokana na toleo la PS4 la mwaka 2018, kwa hiyo sauti za waigizaji si zile za 1997. Shida ni vidole. Uchawi wa Alucard unaitwa kwa kuzungusha mwelekeo kama gemu za ngumi, na kwenye kioo kitupu kidole kinateleza, anaruka badala ya kurusha moto. Unganisha padi ya Bluetooth. Ukikosa, usihangaike na uchawi kabisa, tumia upanga na silaha za mioyo.