HiAce ya kazi kuvuta karavani hadi Naivasha: anza na breki

Swali: Salamu fundi. Mimi ni fundi wa mabomba, nakaa Kahawa West. Gari langu la kazi ni Toyota HiAce, dizeli ya lita 3, gia za mkono, lina viti vitano na nyuma kuna rafu za vifaa. Shemeji yangu anahama na ameniachia karavani ndogo, ile nyumba ya safari inayovutwa na gari, iliyotoka Uingereza. Ina ekseli moja, na kibao chake kinasema isizidi kilo 1,200 ikiwa na mizigo. Imekaa uani kwake miaka minne bila kuguswa. Desemba nataka kumpeleka mama watoto na watoto watatu Naivasha, na mambo yakienda vizuri mwakani tufike Diani. HiAce langu hubeba mifuko ishirini ya saruji bila kulalamika, kwa hiyo upande wa nguvu sina wasiwasi. Je, nifungiwe chuma cha kuvutia niende zangu, au kuna jambo la kuangalia? Na vifaa vya kazi nivitoe au nivibebe tu?

Jibu: Kaka, HiAce lako litaivuta. Ninalokuomba ulifikirie kabla ya Desemba ni jinsi utakavyoisimamisha. Ile mifuko ishirini ni tani moja, lakini imekaa juu ya magurudumu ya gari lenyewe, na gari lako liliundwa likiwa na breki za kuushika mzigo huo. Karavani inakuja na kilo zake 1,200 nyuma ya bampa. Breki zake zikiwa zimelala, uzito wote huo unakusukuma mgongoni kila unapopunguza mwendo, na ukipunguza mwendo kwenye kona unakusukumia pembeni. Ulaya trela isiyo na breki haitakiwi kuzidi kilo 750. Yako imepita hapo mbali, kwa hiyo breki zake lazima zifanye kazi. Hapo hakuna mjadala.

Karavani za Uingereza hazina bomba la breki kutoka kwa gari. Ukipunguza mwendo, karavani inasogea mbele na kulisukuma gari. Pale shingoni, yaani sehemu ya mbele inayoshikana na gari, kuna chuma kirefu kinachoteleza ndani ya bomba lake, kikisukumwa kinaminya wenzo, wenzo unavuta fito na kebo, na kebo zinatanua breki shuu zibane drami kwa ndani. Ni mpango mzuri, ila adui yake mkubwa ni kukaa bila kazi. Miaka minne ya mvua za uani inatosha kabisa kushikisha kebo kutu na kuganda hicho chuma kinachoteleza. Kwa hiyo fanya hivi wewe mwenyewe, maana spana unazijua. Tazama ule mpira wenye mikunjo shingoni, na ukiwa umepasuka jua maji yameingia. Sukuma shingo kwa nguvu zako zote: inatakiwa iingie kwa uzito, polepole, halafu irudi yenyewe. Ikiingia kirahisi na kugonga, dampa ya ndani, ile ya kupunguza mshindo, imekufa, na kila utakapofunga breki utasikia pigo mgongoni. Isipoingia kabisa, imeganda. Kisha weka vigingi, piga jeki gurudumu moja, mtu alizungushe kuelekea mbele huku wewe unavuta hendibreki ya karavani. Linatakiwa lishike kabisa. Rudia upande wa pili, na pande zote mbili zishike sawasawa. Upande mmoja ukishika peke yake, siku ya breki ya ghafla karavani itageuka kuelekea upande huo.

Bila kujali matokeo, ningefungua drami zote mbili, nibadilishe kebo na nitie grisi mpya kwenye beringi. Ni kazi ya siku moja. Usisahau ule waya mwembamba wa chuma unaotoka kwenye hendibreki ya karavani. Huo hufungwa kwenye gari, ili karavani ikichomoka waya uvute hendibreki kabla ya kukatika. Watu wengi huutundika tu popote. Ufunge kwenye pete iliyo imara ya chuma cha kuvutia, ubaki na ulegevu wa kutosha gari kukata kona, ila usiburuze chini.

Tairi nazo. Usidanganywe na meno. Tairi za karavani huzeeka kabla ya kuisha. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ikishapita miaka saba mimi siiruhusu kutoka karakana ikiwa chini ya karavani, hata kama inang'aa. Na kwa kuwa imesimama mahali pamoja miaka minne ikibeba uzito, ikunje kidogo kwa kidole gumba uangalie nyufa ndogo ndogo karibu na rimu. Ukiziona, nunua mbili mpya, na uhakikishe namba ya uwezo wa uzito inatosha, maana tairi mbili tu ndizo zinazobeba mzigo wote.

Sasa chuma cha kuvutia. Kuna gari lililetwa kwangu likitoka safari, mwenyewe analalamika tu kwamba kuna kitu kinagonga nyuma. Nililala chini nikakuta chuma kimechomelewa kwenye mabano ya bampa, si kwenye chasisi. Kwenye kona ya weldi kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, rangi ya kutu. Nilipitisha kucha ikakwama. Bolti ya upande wa pili niliifungua kwa vidole. Kwa siku tatu familia ile ilikuwa imeshikwa na kipande cha bati. Bampa imewekwa kukinga michubuko. Haijatengenezwa kuvuta chochote. Chuma chako kifungwe kwa bolti kwenye miguu yote miwili ya chasisi, bolti ngumu zilizoandikwa 8.8 kichwani au zaidi, na bamba upande wa ndani ili chasisi isibonyee. Fundi akikwambia atachomelea moja kwa moja kwenye chasisi, mshukuru uondoke. Joto la weldi hulegeza chuma kando ya mshono, na ufa huanzia hapo hapo. Lile tufe liwe la milimita 50, ndilo linaloingia kwenye shingo za Uingereza, na liwe kwenye kimo ambacho karavani itakaa sawa au iiname mbele kidogo sana. Ikiinua pua, itayumba.

Kuhusu vifaa vya kazi: vitoe. Nitakuonyesha kwa nini, maana hapa ndipo magari ya kazi hutofautiana na magari ya nyumbani. Karavani inatakiwa iegemee kwenye tufe kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake. Kwa kilo 1,200 hiyo ni kati ya 60 na 84, tuseme 75. Lakini HiAce lina mkia mrefu. Kwenye HiAce la kawaida umbali kati ya ekseli mbili ni mita 2.57, na tufe litakaa kama mita 1.2 nyuma ya ekseli ya mwisho. Ni kama ubao wa kubembea: ukikandamiza mkiani, mbele kunainuka. Zile kilo 75 zinakuwa karibu 110 kwenye ekseli ya nyuma, na karibu 35 zinatolewa kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Ongeza mashine ya kukata meno ya mabomba, vaisi, na lile sanduku la elbo na tii, viungo vya mabomba ya chuma, ambalo watu wawili hulibeba wakiguna, vyote vikiwa kwenye rafu za nyuma kabisa. Usukani utakuwa mwepesi mkononi, nawe utadhani gari limekuwa laini, kumbe mbele kumepoteza uzito. Bakiza jeki, spana, tairi za akiba za gari na karavani, na laifseva (pembetatu za kuakisi mwanga). Mizigo mizito ya safari ikae sakafuni kati ya ekseli mbili za gari, au ndani ya karavani juu ya ekseli yake, chini. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ukijaa unafika karibu kilo 28, na jerikeni ya maji ni kilo 20. Vitu kama hivyo viwili vitatu vikiwekwa nyuma ya karavani vinatosha kuharibu hesabu yote.

Huo uzito unaoegemea kwenye tufe unaupima nyumbani. Chukua mizani ya kupimia watu, kata mbao fupi, iweke wima kati ya mizani na shingo ya karavani iliyopakiwa, kwa urefu utakaoiweka karavani sawa kama ikiwa barabarani. Soma namba. Ikiwa chini ya 60, sogeza mzigo mbele. Ikizidi 84, au izidi kikomo kilichoandikwa kwenye chuma chako cha kuvutia, rudisha nyuma. Kwa uzito wote, pita kwenye mizani ya malori. Yadi nyingi kubwa za vyuma chakavu zinayo. Pima gari likiwa na familia ndani, kisha karavani peke yake, ulinganishe na vibao vyao na kitabu cha gari. Kitabuni utakuta uzito wa kuvuta umeandikwa mara mbili, trela yenye breki na isiyo na breki. Katika vibao vyote, namba ndogo kuliko zote ndiyo sheria yako. Tazama pia ile T.W., yaani uzito wa gari tupu, iliyoandikwa ubavuni mwa gari. Waingereza humshauri anayeanza kuvuta asizidishe karavani ya asilimia 85 ya uzito wa gari tupu, na wewe ukiwa na HiAce uko ndani ya hapo kwa raha. Hiyo ndiyo faida kubwa ya gari lako.

Vioo vya ziada nunua. HiAce la kawaida lina upana wa takriban mita 1.7, karavani nyingi ni mita 2.2 au zaidi. Kila upande kuna sentimita 25 usizoziona, na bodaboda hujaa hapo.

Njia. Kutoka Kahawa West usiingie mjini. Shika Northern Bypass hadi Ruaka, Western Bypass hadi Gitaru, utokee barabara ya Nakuru. Rironi njia zinagawanyika, nami nakusihi upite juu, Limuru, Kimende, Kinungi. Ile ya Mai Mahiu ina mandhari, na historia pia: mateka wa vita wa Kiitaliano waliijenga miaka ya 1940 na kanisa lao dogo bado liko pale chini. Lakini ni nyembamba, imejaa malori, na kwa anayevuta kwa mara ya kwanza mteremko ule ni mtihani usio wa lazima. Njia ya juu inapanda kupita mita 2,300. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kama dizeli yako haina tabo, pale juu utakuwa umebaki na robo tatu tu. Shuka gia mapema, acha lori likupite, na tazama sindano ya joto. Kwenye foleni ya mlimani usilishike gari kwa klachi, tumia hendibreki. Asubuhi sana Kimende huwa na ukungu mzito, hivyo ni heri utoke saa tatu.

Kuteremka kutoka Kinungi, ingia gia ya chini kabla ya mteremko. Mguu usikae juu ya breki muda wote. Kanyaga kwa uthabiti, punguza, achia, acha drami zipoe, kisha tena.

Mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kwako huo ndio mwisho. Karavani imesimama juu kuliko paa lako, inakumbatia upepo, na nguvu ya upepo kwenye kilomita 100 ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya 80. Basi au lori likikupita utahisi mkia ukivutwa, kisha ukisukumwa. Ukianza kuyumba kushoto kulia, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, na usijaribu kuukimbiza mkia. Usikanyage breki kwa nguvu, na yule atakayekushauri kuongeza mwendo ili inyooke usimsikilize kamwe. Ikishatulia, egesha, panga upya mizigo. Haikuyumba bure.

Mtoto asikae ndani ya karavani ikitembea, hata kwa kilomita moja, hata kama amelala. Ile ni nyumba ya mbao nyembamba na bati, haina mkanda wala fremu ya kumkinga.

Makaratasi: karavani ni trela na inatakiwa iwe na namba yake, zile zinazoanzia Z, kwa hiyo mwombe shemeji hati kabla hajahama. Bima ya HiAce lako bila shaka ni ya mizigo yako ya kazi. Iandikie kampuni, ieleze safari ni ya familia na kuna karavani, na jibu lije kwa maandishi.

Diani iache hadi umeizoea. Ni zaidi ya kilomita 500, lala njiani, na kwa kuwa Dongo Kundu sasa imefunguka hutahitaji kupandisha karavani kwenye feri ya Likoni.

Wiki moja kabla ya safari ya Naivasha ifunge, uivute hadi Ruaka na kurudi. Ukifika nyumbani usikimbilie chai. Shuka, weka kiganja kwenye kikombe cha katikati cha kila gurudumu la karavani. Uvuguvugu ni kawaida. Kimoja kikikuchoma na mwenzake amepoa, breki upande huo inakwama au beringi imekazwa mno, na hapo karavani isitoke tena mpaka drami hiyo ifunguliwe.