Mafuta hayaingii kwenye vape

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kujichanganyia maji ya vape, yaani sigara ya umeme, hapa Goma: glisereni, nikotini uliyoletewa kwenye chupa isiyo na lebo, na matone ya mafuta ya mnanaa ili yanukie. Mafuta hapana, hata tone moja. Tumbo linayavumilia, mapafu hayana njia ya kuyatoa. Marekani, kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vape, na 68 kati yao walikufa. Wengi wa waliopimwa majimaji ya mapafu walikutwa na asetati ya vitamini E, mafuta ambayo wauzaji wa mitaani walizimulia maji ya vape yenye bangi.

Hiyo chupa isiyo na lebo inanitisha zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2014 inaruhusu miligramu 20 tu za nikotini kwa mililita ya maji ya vape, lakini nikotini ya kuchanganyia inaweza kufika 100, na kwa macho zote ni sawa. Inapenya ngozi. Mtoto akinywa kidogo anaweza kufa. Irudishe kwa aliyekuletea, usiimwage jikoni.

Na kama unafikiria kuwashia vape kwa betri za kuokota kwenye laptop mbovu, achana nazo pia, hasa zilizochubuka plastiki.

Na kama umeshavuta huo mchanganyiko na kifua kinabana, enda hospitali leo, ubebe chupa daktari aione.