Mombasa hadi Malindi kwa baiskeli ya watu wawili: ushauri wa anayekaa nyuma

Ushauri wa baiskeli ya watu wawili mara nyingi hutolewa na anayekaa mbele. Usukani ni wake, breki ni zake, gia ni zake, basi naye huona safari yote ni yake. Mimi hukaa nyuma. Ninachokitazama kutwa ni mgongo wa mume wangu na fulana inayoganda chumvi, na huko nyuma nimejifunza mambo ambayo yeye hayajui.

Anza na upepo. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na barabara inaelekea kaskazini karibu njia nzima. Nendeni wakati wa kusi, Julai au Agosti, upepo uwasukume mgongoni. Ikiwa mna nafasi Januari tu, kaskazi inavuma, basi anzeni Malindi mje Mombasa. Aprili na Mei ni masika, kaeni nyumbani.

La pili ni mdomo, na hili ndilo huwagombanisha watu. Pedali zenu zimefungwa pamoja kwa cheni: mmoja akisita, miguu ya mwenzake inasita. Aliye nyuma haoni shimo wala tuta. Asipoambiwa, tuta linampata amekaa kwa uzito wake wote, na kiti cha baiskeli hakina huruma. Kwetu maneno ni machache: "tuta", "shimo", "gia", "pumzika". Tena yasemwe kabla, si wakati gurudumu limeshafika. Kuondoka pia kuna utaratibu wake. Wa mbele anasimama miguu miwili chini, ameshika breki zote mbili. Wa nyuma anapanda kwanza, anazungusha pedali hadi zifike pazuri, anasema "tayari", ndipo mnaondoka. Fanyeni mazoezi uwanjani hadi msibishane tena. Mkijifunzia pale Nyali katikati ya matatu mtaachana kabla ya Mtwapa.

Tokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa zikiwaka mbele na nyuma, mvuke daraja la Nyali kabla jiji halijaamka. Matatu ikiwapita kisha ikaingia kushoto ghafla kuchukua abiria, msijaribu kupenya. Baiskeli hii ni ndefu na haikati kona kama zile nyingine. Baada ya Mtwapa mambo hutulia. Vipingo ni mkonge mistari kwa mistari, hakuna kivuli, lakini jua bado changa.

Kilifi mfike kama saa tatu. Kwenye daraja upepo wa ubavuni unavuta, kwa hiyo wa nyuma atulie, asijigeuze kupiga picha. Picha ya hori mtapiga mkishashuka. Kuleni mahamri na mbaazi za nazi, mnywe na dafu. Mtu akikwambia ule biskuti za nguvu, mwache ale yeye.

Kutoka Kilifi ndipo mwili huanza kudai. Kila baada ya muda wa mbele aseme "simama", wote mwinuke kitini kwa mizunguko kadhaa. Anayekaa nyuma hufa ganzi upesi kwa sababu hana la kufanya ila kukanyaga. Kwenye miinuko teremsheni gia mapema. Baiskeli hii hukimbia tambarare, lakini kilimani ni mzigo. Na mwendo uwe wa yule aliyechoka zaidi, hata kama ni wa mbele. (Watoto wa Matsangoni watawapigia kelele kwamba wa nyuma analala. Zoeeni.)

Mkishapita msitu wa Arabuko-Sokoke mko Gede. Jua la saa sita likiwakuta hapo, ingieni kwenye magofu, yaliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2024 kuwa urithi wa dunia, mpumzike chini ya miti ile mikubwa hadi saa tisa. Malindi imebaki mwendo mfupi.

Vifaa sitavisema sana: tyubu mbili, viraka, pampu, spoki za akiba, kwa kuwa uzito wa watu wawili huzivunja za gurudumu la nyuma, na tairi nene kidogo. Lakini pangeni kurudi kabla hamjatoka. Basi litachukua baiskeli ya kawaida, hii haitoshi kwenye buti. Tafuteni mwenye pikapu, pataneni bei jioni ile ile mkifika, na mje na blanketi kuukuu la kukinga baiskeli isikwaruzwe njiani.