Kipimo cha damu hakichukui nafasi ya kinyama

Mkuu, pole na kumuuguza mzee. Umeuliza kama kuna kipimo cha damu cha seli za saratani ya mapafu, ili asichomwe sindano ya kifua ya kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima maabara, hapo Hospitali ya Rufaa Mbeya.

Kipo, ila hakifanyi kazi unayoitaka. Ni kweli uvimbe humwaga seli kwenye damu. Daktari Ashworth wa Australia aliziona tangu 1869. Shida ni uchache wake. Kwenye mililita 7.5 za damu, kama kijiko cha chai kimoja na nusu, unaweza kupata seli moja au mbili, au usipate kabisa, katikati ya mabilioni ya chembe nyekundu. Ni kutafuta punje moja ya ulezi kwenye ghala la mpunga Ubaruku. Mashine ya kuzihesabu seli hizo iliyoruhusiwa Marekani 2004 ilianzia saratani ya matiti iliyosambaa, tena kwa kukadiria ugonjwa unavyokwenda, si kuubaini.

Kinyama ndicho kinachosema kama ni saratani ya mapafu ya aina ya seli ndogo au la, na dawa hufuata hapo. Baba yangu mdogo, Tukuyu, alimeza dawa za TB miezi minne bila makohozi kuonyesha kitu. Kinyama kikasema saratani. Miezi minne, mkuu!

Mkipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ombeni maabara iwape na kile kipande cha kinyama kilichogandishwa kwenye nta, pamoja na majibu. Vinginevyo mzee anaweza kuchomwa upya.