Barua mbili na kadi nne

Wiki hii mmeuliza: "Mwalimu gani aliendelea kukufundisha hata baada ya kutoka darasani kwake?" Wangu ni profesa wa sheria pale Mlimani, na najibu zaidi kwa niaba ya kaka na dada waliotutangulia, maana barua zao nilizibeba mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili Amin alipovamia Kagera, Oktoba 1978. Waliohitimu kabla yetu walikuwa wametawanyika: wapo waliokuwa jeshini, wapo mahakimu wa Bukoba. Profesa aliandika anwani zao zote katika daftari moja la jalada gumu. Kila Ijumaa alinikabidhi bahasha, nami nikipanda basi la UDA hadi Posta.

Darasani tulibishana hadi sauti zikakauka. Mkataba wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, unaheshimu mipaka. Je, jeshi letu lina haki ya kuvuka na kuingia Uganda? Ubishi huo aliupenda sana, lakini hakuutia katika barua. Huko aliuliza kama mama wa fulani ameshatibiwa macho, na mara nyingine alikunjia ndani hukumu mpya ya Mahakama Kuu aliyoipiga taipu mwenyewe, ili mtu asisahau kazi yake.

Mji wa Masaka ulipotekwa, Februari 1979, luteni mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alimwandikia. Alikuwa analinda mateka, na mmoja wao anaomba karatasi amwandikie mkewe. Wenzake wanamwambia aachane naye. Sheria inasemaje?

Profesa alinisomea jibu kabla ya kulitia gundi. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 71: mateka wa vita ana haki ya kuandika na kupokea barua, na hata zikiwekewa kikomo, zisipungue barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Alieleza kifungu hicho kurasa mbili nzima, kwa subira ileile ya darasani. Kisha akatia ndani karatasi kumi tupu. Chini akaongeza: "Mpe na kalamu."

Daftari lile lilikuwa na Waganda pia. Chuo cha sheria kilipofunguliwa Dar mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa cha Afrika Mashariki nzima, na yeye alianza kufundisha miaka hiyo. Barua za Kampala alizipitisha kwa rafiki yake London. Walikuwepo walionong'ona kwamba anaandikiana na adui, na hadi leo maneno hayo yananiuma. Adui gani? Mmoja wa Waganda hao watatu alikuwa wakili aliyeishi kwa kujificha tangu askari wa Amin walipomkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka mahakamani mwaka 1972, wakamuua.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Kufikia Julai, Waganda wawili kati ya watatu walikuwa wamejibu. Yule wakili hakujibu.

Profesa alipostaafu alinipa daftari, nami ninalo hapa nyumbani Kinondoni. Jina la wakili halijakatwa. Pembeni yake kuna safu ya tarehe, moja kwa kila barua aliyomwandikia, na ya mwisho ni ya Machi 1985.