Formula One haijawahi kuwa na kwao Marekani

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: kwa nini Formula One, mashindano ya dunia ya mbio za magari, inayofuatwa kwa hamu Ulaya, Asia na Amerika Kusini, imehangaika miaka yote kuwapata Wamarekani, ilhali wao ni watu wa magari tangu zamani? Mimi ni Mkenya wa Nakuru, na tangu 2011 naishi Indianapolis, karibu na uwanja wa mbio uliofunguliwa 1909. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Jibu langu nililipata nyumbani kwa mmoja wao, kwa hiyo nitaanzia huko.

Mwishoni mwa Mei kuna Jumapili moja ambayo mji huu haufanyi jambo lingine ila Indianapolis 500: magari 33, mizunguko 200, maili 500, yaani kama kilomita 800. Aliye mbali hudhani wenyeji wote wanaitazama kwenye televisheni. Sivyo. Ili majukwaa yajae, kwa desturi matangazo ya moja kwa moja huzuiwa katika eneo letu, na kwa kawaida huachiliwa tiketi za majukwaani zinapokwisha, kama ilivyokuwa 2016 mbio zilipofanyika kwa mara ya 100. Kwa hiyo wasiokwenda uwanjani hutoa redio nje. Ukipita mtaani mchana huo, sauti ya mtangazaji inakufuata kutoka kibaraza hadi kibaraza, na moshi wa nyama juu yake.

Mei yangu ya kwanza hapa nilipokaa na yule mzee kibarazani, nilihisi niko nyumbani Pasaka. Baba yangu alifuata Safari Rally vivyo hivyo, sikio kwenye redio, akitutajia gari gani limepita wapi na lipi limekwama kwenye tope. Alitusimulia Joginder Singh na Shekhar Mehta kama mtu anayesimulia jamaa zake. Nasi watoto tulisimama kando ya barabara kumsubiri Patrick Njiru na Subaru yake, tukarudi nyumbani weupe kwa vumbi, tumeridhika. Hatukulipa senti. Dereva alipita mbele ya macho yetu, kwenye barabara ileile tuliyoipita kwenda shule.

Mzee huyu alipelekwa kwenye 500 na baba yake akiwa na miaka saba. Kiti alichokalia baadaye kilikuwa cha baba yake. Hapa mwenye tiketi hupewa nafasi ya kununua kiti kilekile mwaka unaofuata, na akizeeka humwachia mwanawe. Kuna familia zimekaa safu moja miaka hamsini, zinajua majirani wa safu ya mbele kwa majina, zinajua nani amefiwa tangu Mei iliyopita. Shabiki wa hapa hapatikani kwa tangazo la biashara. Hurithishwa, kama shamba. Hapo ndipo Formula One iliposhindwa: haijakaa mahali pamoja muda wa kutosha kumpa mtu kiti cha kumrithisha mwanawe.

Hesabuni wenyewe. Grand Prix, yaani mbio za Formula One, ya kwanza ya Marekani kwenye ubingwa wa dunia ilifanyika Sebring, Florida, 1959. Mwaka uliofuata ikahamia Riverside, California. Kisha Watkins Glen, Long Beach, uwanja wa kuegeshea magari wa hoteli ya Caesars Palace mjini Las Vegas, Detroit, Dallas, Phoenix, Indianapolis, Austin, Miami, na sasa barabara kuu ya Las Vegas yenyewe. Njia 12. Dallas ilipata mara moja tu, 1984, lami ikamumunyuka kwa joto la Julai. Kati ya 1992 na 1999 hapakuwa na mbio hata moja nchi nzima, na tena 2008 hadi 2011. Linganisha na Monza: tangu ubingwa uanze 1950, Italia imekimbizia Grand Prix yake hapo kila mwaka isipokuwa 1980. Mtoto wa Monza anajua bustani ile tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Watkins Glen ndiyo inayoniuma. Ni mji mdogo kando ya ziwa Seneca, jimbo la New York, na mbio zilikaa huko miaka 20, 1961 hadi 1980. Watu walikuja kila vuli majani yakiwa mekundu, wakapiga mahema, wakazoea. Formula One ilikuwa inaota mizizi. Lakini gharama zilipanda, waandaaji wakashindwa kulipa madeni, na 1981 jina la Watkins Glen likatolewa kwenye ratiba. Hakuna aliyewauliza wale wa mahemani.

Long Beach inanipa ushahidi mzuri zaidi. Formula One ilikimbia katika barabara za mji huo kuanzia 1976 hadi 1983, ikaondoka. Mwaka uliofuata IndyCar, mbio za Kimarekani za magari yenye magurudumu wazi ambazo 500 yetu ni mojawapo, zikaingia kwenye barabara zilezile, na mpaka leo ziko hapo, na watu wanajaa. Mji haukubadilika, bahari iko palepale. Aliyebaki alipendwa. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema Mmarekani anapenda tu magari yanayozunguka uwanja wa mviringo, siwezi kukubali. IndyCar yenyewe siku hizi ina mbio nyingi zaidi kwenye barabara za miji na njia zenye kona kuliko kwenye viwanja vya mviringo.

Wengine hulaumu saa. Ni kweli mbio nyingi za Ulaya huanza saa tisa alasiri kwa saa za huko, ambayo Nakuru ni saa kumi jioni, wakati mzuri kabisa. Hapa ni saa tatu asubuhi, watu wanajiandaa kwenda kanisani, na California ni saa kumi na mbili, bado wamelala. Lakini hao hao huamka alfajiri Jumamosi kutazama mpira wa Uingereza. Anayependa kitu huamka.

Sasa nije kwenye 2005, maana bila hiyo mtu hawezi kuuelewa mji huu. Formula One ilikuja Indianapolis mwaka 2000, ikatengenezewa njia yenye kona ndani ya uwanja wetu mkubwa, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kwenye nyumba ambayo tayari ina wenyewe. Watu walifurika. Halafu ikafika wikendi ya Juni 2005. Ijumaa dereva Ralf Schumacher aligonga ukuta kwenye kona ya mwisho yenye mwinuko, baada ya tairi la nyuma kushindwa. Michelin, waliokuwa wakizipa matairi timu saba kati ya kumi, wakasema hawawezi kuhakikisha usalama wa matairi yao kwenye kona ile. Sheria ya mwaka huo ilitaka seti moja ya matairi imalize mbio nzima. Timu zikapendekeza iwekwe kona ya muda ya kupunguza mwendo, chama cha kimataifa, FIA, kikakataa. Jumapili, tarehe 19, magari 20 yalitoka kwa mzunguko wa kujipanga, na 14 yakageuka moja kwa moja kuingia kituoni, yakazimwa. Yakabaki sita: Ferrari mbili, Jordan mbili, Minardi mbili.

Fikirini baba aliyeendesha gari saa nane na watoto wake, akanunua tiketi, akalala hotelini, ili waone magari sita yakizunguka. Watu walizomea, chupa zikarushwa njiani. Michelin baadaye waliahidi kurudisha fedha za tiketi na kununua tiketi 20,000 za mwaka uliofuata ziwafikie waliokuwapo. Fedha ilirudi. Mbio zilikuja mara mbili zaidi, 2006 na 2007, kisha zikaenda zake. Nilipohamia hapa miaka minne baadaye, bado watu waliitaja Jumapili ile kama wanavyotaja kimbunga.

Mimi siwalaumu Michelin kwa kusema ukweli. Dereva akifa hakuna wa kumrudisha. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba watu wengi wenye mamlaka walikuwa uwanjani siku tatu, na mtazamaji hakuwa na hata mmoja wa kumsemea.

Kuna jambo la pili, nalo ni watoto. Hapa Indiana kijana wa shambani anaweza kuanza na gari dogo kwenye uwanja wa vumbi wa wilaya yake Jumamosi usiku, mjomba wake akiwa fundi, nusu ya darasa lake ikiwa jukwaani. Akipanda, wanapanda naye. Kufika Formula One ni lazima ahamie Ulaya angali mtoto, ashindane huko kwa gharama ambazo familia ya kawaida haiwezi, na wenzake wa nyumbani wanamsahau. Phil Hill alikuwa bingwa wa dunia 1961. Mario Andretti, aliyezaliwa Montona ikiwa Italia na kuhamia Pennsylvania akiwa kijana, alikuwa bingwa 1978, baada ya kushinda Daytona 500, mbio nyingine kubwa za Marekani, mwaka 1967 na Indianapolis 500 mwaka 1969. Tangu ushindi wake wa Zandvoort, Uholanzi, mwaka ule wa 1978, hakuna Mmarekani mwingine aliyeshinda Grand Prix.

Mtazameni Alexander Rossi. Mwaka 2015 alipewa mbio tano kwenye gari dhaifu la timu ya Manor, na matokeo yake bora yalikuwa nafasi ya 12 Austin. Mwaka uliofuata hakupata kiti. Akarudi nyumbani, na Mei 2016, mara yake ya kwanza, akashinda Indianapolis 500 ile ya mara ya 100. Colton Herta naye, akiwa tayari ameshinda mbio saba za IndyCar, mwaka 2022 alinyimwa leseni ya Formula One kwa kuwa pointi zake hazikutosha kwa hesabu ya FIA. Mmarekani wa kawaida akisikia hayo anaelewa jambo moja: kazi ya huku kwetu haithaminiwi kule. Hata Haas, timu iliyosajiliwa Marekani na kuanza 2016, ilifika 2025 bila kumpa Mmarekani hata mmoja kiti cha kudumu.

Sisemi hakuna kilichobadilika. Liberty Media, kampuni ya Kimarekani, iliinunua Formula One 2017, na mfululizo wa Netflix ulioanza 2019 uliwatambulisha madereva kama watu wenye wazazi, hofu na wivu. Ulifanya kazi ambayo baba yangu alitufanyia kwa redio. Watazamaji wa televisheni hapa waliongezeka kutoka wastani wa kama 550,000 kwa mbio moja mwaka 2018 hadi milioni 1.2 mwaka 2022. Austin imedumu tangu 2012, nami naiombea idumu. Lakini Indianapolis 500 ya 2025 peke yake ilitazamwa na watu milioni 7.

Na tabia ya zamani haijaisha. Las Vegas 2023, mazoezi ya kwanza yalisimama baada ya dakika chache kwa kuwa kifuniko cha chuma kilichomo barabarani kilichomoka na kuvunja Ferrari ya Carlos Sainz. Mazoezi ya pili yalicheleweshwa mpaka usiku wa manane kupita, na kabla hayajaanza mashabiki wakatolewa nje. Magari yalikimbia mbele ya viti vitupu, yakamaliza saa kumi alfajiri. Mbio zenyewe ziliwekwa saa nne usiku kwa saa za Las Vegas, yaani saa saba usiku kwa watu wa New York na Indianapolis. Nakuru ilikuwa saa tatu asubuhi. Mbio zilizofanyika Marekani zilikuwa rahisi zaidi kwa dada yangu kuzitazama kuliko kwangu.

Mei 2024 niliziona mbio mbili siku moja nyumbani kwa mzee. Asubuhi tulitazama Monaco na mjukuu wake wa miaka 14, aliyekuwa na kofia ya timu ya McLaren na kuwajua madereva wote 20 wa mwaka ule. Kumi wa kwanza walimaliza kwa mpangilio uleule walioanza nao. Kijana hakujali. Alitueleza matairi, mafuta, nani anamchelewesha nani kwa makusudi, na mzee alimsikiliza kwa makini mpaka mwisho, akauliza maswali.

Mchana mvua ikanyesha, 500 ikachelewa saa nne. Tuliingiza redio ndani. Katika mzunguko wa mwisho Josef Newgarden alimpita Pato O'Ward, na mtangazaji akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Newgarden alishuka garini, akapenya uzio, akaingia katikati ya watu majukwaani. Mjukuu alikuwa amesimama juu ya kiti cha jikoni na kofia yake ya McLaren mkononi.

Wiki ile mzee, ambaye miguu haimruhusu tena kupanda ngazi za jukwaa, aliniomba nimsomee fomu ya tiketi za mwaka unaofuata. Akaandika jina la mjukuu wake kwenye kiti kile alichoachiwa na baba yake.