Nakala ya daftari ibaki Kigoma

Sanduku la Maswali: Mwalimu anajibu barua zenu kutoka Ujiji

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, mzaliwa wa Katonga, nasoma shahada ya uzamivu. Nachunguza dagaa na migebuka kabla na baada ya Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi mwaka 2024. Tulikuwa na ushirikiano na chuo kimoja cha Marekani. Mwaka 2025 tuliletewa dodoso linalouliza kama mradi wetu unahusu mabadiliko ya tabianchi, na kama chuo chetu kinapokea fedha za China. Baadaye fedha zikasimama. Sasa amekuja mbia wa nchi nyingine. Analeta boti na maabara ya kompyuta, lakini rasimu ya makubaliano inasema matokeo hayatatangazwa bila idhini ya pande zote mbili. Nilipouliza kikaoni, mkuu wangu alisema niache siasa, boti ni boti. Kisha akanitaka niiweke kando sura ya nne ya tasnifu, ile inayohusu kufungwa kwa ziwa. Nina mke na mtoto, na kazi naihitaji. Nifanye nini? (Mhadhiri msaidizi, Kigoma)

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye "boti ni boti" naiweka chini. Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa binti.

Mwaka 1994 nilikuwa karani wa takwimu pale Kibirizi, katika mradi uliokusanya habari za samaki kutoka nchi zote nne za ziwa letu: sisi, Burundi, Zaire ya wakati ule na Zambia. Saa kumi na moja alfajiri mitumbwi ya taa inaingia, karabai bado zinafuka moshi. Nachota dagaa kwenye ndoo, nawalaza mmoja mmoja kwenye ubao wa kupimia, nasoma milimita, naandika kwenye kaunta buku. Magamba yananata kwenye karatasi. Hadi leo nikishika karatasi iliyokauka na maji ya samaki naijua kwa kidole kabla sijaitazama.

Julai 1996 Meja Buyoya alichukua madaraka Burundi, na nchi jirani, yetu ikiwemo, zikaiwekea vikwazo. Sibishani na uamuzi ule, ulikuwa na sababu zake. Nakueleza nilichokiona mezani kwangu: karatasi za Bujumbura zikaanza kuchelewa, kisha hazikuja kabisa. Safu ya Burundi kwenye jedwali letu ikabaki nyeupe. Dagaa wa usiku mmoja wanaweza kuvuliwa upande wowote wa mpaka, na sisi tulikuwa tunahesabu ziwa zima kwa kutazama upande mmoja.

Ila kilichoniuma zaidi kilikuja mradi ulipofungwa. Kompyuta yenye hesabu zote iliondoka na mtaalamu wake. Kaunta buku zikawekwa stoo, mchwa wakala. Miaka kadhaa baadaye nikiwa nasoma shahada ya pili, nilizihitaji namba zile. Niliandika barua nje ya nchi kuziomba namba nilizoziandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisubiri miezi minane, nikaletewa ukurasa mmoja wa wastani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni kwamba siku ya kusaini hakuna aliyeuliza nakala itakaa wapi.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kuuliza ni siasa. Siasa ilishaingia kwenye mradi wako kabla hujafungua mdomo. Dodoso mlilopata halikuwa lenu peke yenu: Machi 2025 watafiti wa Australia waliokuwa na miradi ya fedha za Marekani waliletewa dodoso la maswali 36, na mambo ya tabianchi na ya China yalikuwemo. Vyuo vile ni tajiri, vina wanasheria wa kutosha, na bado vilipigwa na butwaa. Na Australia yenyewe tangu Desemba 2020 ina sheria inayompa waziri wa mambo ya nje uwezo wa kufuta makubaliano ya chuo cha umma na serikali ya kigeni. Presha hii haina bendera moja. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Chicago kiliacha kuendelea na Taasisi ya Confucius, ile ya kufundisha Kichina kwa msaada wa serikali ya China, baada ya wahadhiri wake zaidi ya 100 kutia saini wakitaka iondoke, na mwaka uliofuata Stockholm nao wakafunga ya kwao. Hakuna aliyekataa Kichina kifundishwe. Wahadhiri wa Chicago walikuwa wanauliza nani anamchagua mwalimu, na mada zipi haziguswi darasani.

Na nyumbani tusijifiche. Mwaka 2018 Sheria yetu ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopinga au kupotosha za serikali. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kifungu kile kikaondolewa. Katika muda ule nilimwona kijana mzuri kabisa akifuta jedwali lake kabla mtu yeyote hajamwagiza. Naogopa hilo kuliko kifungu chochote, na ndiyo maana sura yako ya nne imenikosesha usingizi.

Serikali ina haki zake, na uzijue ili usipigane pasipo na ugomvi. Ina haki ya kumtaka mgeni apate kibali cha utafiti COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ina haki ya kujua sampuli zinazovuka mpaka na taarifa za watu zinazohifadhiwa nje. Hizo ni haki za mwenye nyumba. Haina haki ya kuchagua jibu baada ya swali kuulizwa kihalali. Mfadhili naye hana. Wahadhiri wa nchi hii waliliandika jambo hilo Aprili 1990 katika Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na Novemba mwaka huohuo Waafrika wengine wakaliandika Kampala. Mwaka 1997 UNESCO nayo ikapitisha pendekezo lake kuhusu wahadhiri wa elimu ya juu, na haki ya kuchapisha matokeo imo. Hati hizo zichapishe, uwe nazo kwenye mkoba.

Sasa kifungu chako. Tatizo lote liko kwenye neno moja, "idhini". Omba liondolewe, liwekwe "kusoma": mbia apewe rasimu siku 30, au 60 akishikilia, atoe maoni, aonyeshe kama kuna siri ya biashara au jina la mtu lililojitokeza kwa bahati mbaya. Siku zikiisha, unachapisha. Huo ni utaratibu wa kawaida duniani, na mbia mwenye nia njema hataukataa. Akiukataa, umeshajua alikuwa analipia nini. Ongeza na mstari unaosema nakala kamili ya takwimu ghafi inabaki Kigoma tangu siku ya kwanza, siyo mwisho wa mradi. Na mwingine unaosema fedha zikikatwa ghafla kwa sababu za kisiasa za upande wowote, wanafunzi waliokwisha kuanza wanamaliziwa. Mistari hii usiipeleke kikaoni kwa mdomo. Ipeleke kwa maandishi kwa mwanasheria wa chuo kupitia kwa mkuu wako, kwa adabu, ukianza na shukrani ya boti. Boti tunaitaka kweli.

Kuhusu sura ya nne, muombe mkuu akuandikie sababu. Kama ni za kitaaluma, kwamba sampuli ni chache au vipimo vina kasoro, basi ana haki, zirekebishe. Mpe mtu wa idara nyingine namba zako azikokotoe upya bila kuona majibu yako. Lakini kama sababu haiandikiki, mueleze msimamizi wako wa tasnifu, kisha kamati ya shahada za juu, kisha chama cha wanataaluma chuoni kwenu. Usiende peke yako. Na usikimbilie mitandaoni, maana huko utapata makofi ya siku mbili na upweke wa miaka.

Sikudanganyi, unaweza kucheleweshwa. Unaweza kupoteza safari moja au mbili. Nimeona pia mtu aliyeiondoa sura yake akapanda cheo, na hajawahi kuandika kitu kingine cha maana.

Ila fikiria wenye sura ile. Ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu mama muuza dagaa wa Katonga ambaye pengine alikubeba mgongoni alikaa na vichanja vitupu. Aliambiwa avumilie, samaki wataongezeka, naye akavumilia. Kama waliongezeka, aambiwe, atakubali kwa moyo ziwa lifungwe mara nyingine. Kama hawakuongezeka vya kutosha, aambiwe vilevile, maana mwaka 2003 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba uzalishaji wa chakula cha asili katika ziwa hili ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20 kwa sababu ya joto, na hilo halimalizwi na kufunga peke yake. Hata serikali iliyofunga ziwa inaihitaji sura yako kuliko inavyojua.

Mwalimu, mimi naona tunajidhalilisha. Kwa nini tusiwaondoe hawa wabia wa nje wote, tukafanya utafiti wetu wenyewe? (Msomaji, Tabora mjini)

Hasira yako naielewa, ndugu yangu, lakini tazama kilichotokea hapa kwetu Gombe. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika Julai 1960. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka ng'ambo wakateka wanafunzi wanne, watatu Wamarekani na mmoja Mholanzi. Wote waliachiwa hatimaye, lakini wageni wakaondoka Gombe. Utafiti haukufa. Wenyeji waliokuwa wameajiriwa kuwafuata sokwe porini waliendelea kuwafuata kila siku, wakaandika kwa Kiswahili nani amekula nini, nani amepigana na nani. Goodall alifariki Oktoba 2025, na kumbukumbu zile bado zinaendelea.

Mimi jambo hili naliona hivi: wageni walileta swali zuri na fedha, na utafiti ukanusurika kwa sababu kalamu zilikuwa mikononi mwa watu wa hapa. Ungekuwa wa wageni watupu, ungeisha 1975. Na wasingekuja kabisa, daftari lenyewe lisingefunguliwa. Kule Mahale nako Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wanatafiti sokwe tangu 1965.

Kwa kuwa unaandika kutoka Tabora, nikukumbushe Mwalimu Nyerere, aliyesoma shule yenu ya wavulana. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikasirika kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa ubalozi mdogo Dar es Salaam, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Hakukataa urafiki na Wajerumani. Alikataa kuchaguliwa marafiki.

Habari za Ujiji, Mwalimu? Mwanangu amepata nafasi ya kusoma Marekani kupitia ushirikiano wa chuo chake. Nasikia vyuo vya huko vinakatazwa kupokea wageni. Baba yake anataka tuuze shamba la michikichi tulipie. Nimruhusu? (Mama, Mwandiga)

Nzuri, dada yangu, na hongera kwa kijana. Ulichosikia kina ukweli ndani yake. Mei 2025 serikali ya Marekani iliiondolea Harvard ruhusa ya kupokea wanafunzi wa kigeni, baada ya chuo hicho kukataa masharti yake. Hakimu alizuia amri ile haraka sana. Septemba hakimu huyohuyo akaamua pia kwamba kukata fedha za utafiti za chuo hicho, zaidi ya dola bilioni 2, kulikuwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo mahakama zinafanya kazi, lakini mwanafunzi anaweza kukaa wiki nyingi hajui aende au asiende.

Mruhusu aendelee na maombi. Achukue barua kutoka vyuo vyote viwili, cha hapa na cha kule, inayosema nafasi yake itatunzwa mwaka mmoja viza ikichelewa, na kwamba chuo cha hapa kitampokea tena mwaka uleule aliouacha kama ushirikiano ukivunjika. Nafasi yake ya hapa asiiachie kwa maandishi. Aulize nani analipa nauli ya kurudi ikibidi arudi katikati ya muhula, na jibu liandikwe.

Shamba msiuze kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti. Na hata ikigongwa, mwambie baba yake anisubiri: Alhamisi nitakuja Mwandiga sokoni, tuikae hesabu ya ada pamoja, kalamu mkononi.